Barua kwa Mwanangu: Jina la 41

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi hapa Malindi tu wazima. Uliniuliza kama uifute ile programu kongwe ya mishahara uliyokabidhiwa kazini na kuiandika upya, au uendelee kuitia viraka. Mimi nakuuliza kwanza: umeisoma yote? Hesabu ya kurithi huhesabiwa upya. Neno hili umelisikia kwangu tangu utotoni.

Unakumbuka nyumba yetu ya Shella ilivyovuja miaka miwili, ila sababu hukuambiwa. Nilipokuwa karani wa chama kimoja cha wavuvi, nilirithi kwa aliyenitangulia jedwali la malipo lililokuwa ndani ya kompyuta. Kila mwisho wa mwezi niliingiza kilo za kila mtu, kompyuta ikanipa jumla, nami nikaenda benki kuichukua. Kanuni ya kujumlisha ilikuwa sahihi kabisa kwa majina 40. Mwezi ule wanachama walifika 46, nayo ikaendelea kukomea jina la 40 bila kutoa onyo lolote. Zilibaki siku mbili kufika Idi. Nilihesabu noti dirishani, mtu baada ya mtu, mpaka kasha likawa tupu na watu sita wangali wameketi nje. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa Ngomeni, mkononi ana daftari la shule alimoandika kilo zake zote kwa penseli, na hakukosea hata tarakimu moja. Hakunitukana. Alilikunja daftari, akauliza arudi saa ngapi. Pesa za mabati ya nyumba yetu alizitoa mamako, nikawalipa nazo.

Ni mzee huyo huyo aliyenihadithia baadaye jinsi setilaiti ya Uhuru ilivyorushwa Ngomeni, kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, na tangu hapo habari ya roketi hainipiti. Niliposoma kwamba Ariane 5 ya Ulaya ililipuka tarehe 4 Juni 1996 kabla ya kutimiza dakika moja hewani, nilikiona kidonda changu. Sehemu ya programu yake ilitoka Ariane 4, ambako haikuwa na kasoro. Roketi mpya ikaenda kwa kasi zaidi, namba moja ikapita 32,767, kikomo cha nafasi iliyotengewa, na kompyuta ya akiba haikuokoa kitu kwa kuwa ilibeba programu ile ile.

Utasema asiyeazima kazi ya wenzake hamalizi chake, na ni kweli. Tena yule karani alijua mambo ya makato ambayo mimi niliyaelewa baada ya mwaka mzima. Ningelifuta jedwali lake, ningeyafuta na hayo. Hapo naona naelekea kwenye viraka. Lakini kiraka juu ya usichokielewa ndicho kilichonifikisha dirishani pale. Basi hesabu ya kurithi huhesabiwa upya: ipe programu jina la 41, ipe sifuri, ipe mshahara usiowezekana, uone inajibu nini. Hifadhi nakala kabla ya kugusa chochote. Ninyi mna Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi, tangu 2005, sisi tulikuwa na diski moja tu. Na kila mstari utakaoubadilisha, andika kando yake sababu, kwa ajili ya atakayekurithi.

Kuhusu kufuta au kutia viraka, nina jawabu, na limenijaa mdomoni. Nitalizuia mpaka uniandikie kwamba umefika mstari wa mwisho.

Babako