Umeacha pombe na bado unajichukia? Jibu kwa ndugu wa Nyalenda

Ndugu wa Nyalenda, umeuliza mbona tangu uiache chang'aa unajichukia kuliko ulipokuwa ukilewa. Ni kwa sababu sasa unakumbuka. Zamani aibu ya jana uliizima kwa kikombe cha leo. Kikombe hakipo, aibu za miaka yote zimekuja kudai. Nami nilipitia hayo hapa Kondele, Kisumu, nikiwa fundi wa kuchomelea mageti.

Kwanza niwaambie wanaosoma na bado wanakunywa kila siku: msiache ghafla mkiwa peke yenu. Mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku 2 za kwanza, kisha kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. Nendeni hospitali, hata pale Jaramogi, tunapopaita Russia, au pigeni 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure.

Sasa hilo la kujikubali. Kanisani walinisimamisha mapema mno nitoe ushuhuda, nikasema yule mlevi amekufa. Makofi yakapigwa. Lakini yule mlevi ndiye aliyejua kuchomelea, na ndiye aliyewapenda wanangu hata kama alirudi usiku akiyumba. Ukimzika, unamzika na fundi. Siku hizi nasema hivi: aliyeuza mashine kwa sababu ya pombe ni mimi, na aliyenunua nyingine ni mimi pia.

Wenzetu wa AA (Alcoholics Anonymous), chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kwa hatua 12, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, hatua yao ya 4 ni kujikagua kwa maandishi bila woga. Wengi tunaandika maovu matupu. Mzee aliyekuwa akiniongoza alinirudishia daftari: "Mwenye duka akihesabu mali, anahesabu zilizooza tu?" Ikabidi niandike pia kwamba karo ya mdogo wangu niliilipa mimi. Kuandika mstari huo kulinichukua jioni nzima, ajabu kweli.

Hatua ya 9 ni kurekebisha mambo na wale uliowakosea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamuumiza mtu. Kwa hiyo usiende kumgongea mama watoto wako usiku ili wewe upate usingizi.

Mke wangu angali anaficha pesa za matumizi kwenye kopo la omena. Najua, maana akinituma dukani noti zinanuka. Mwanzoni ilinikata maini: nimeacha, anataka nini tena? Sasa nanunua unga, narudisha chenji, yamekwisha. Hofu yake ina sababu, na ataiacha akitaka yeye.

Wale wanaokuita "pasta" kwa dhihaka, badilisha njia jioni. Hata mimi kuna vichochoro sijavirudia. Na kuhusu kikundi cha AA, ukienda mara ya kwanza keti nyuma tu, hakuna atakayekulazimisha useme.