Sidaiwi na Mtu, Mbona Majirani Wananikwepa?

SWALI: Shikamoo dada. Mi kijana nimehamia Newala kikazi, mwaka wa pili huu. Sigombani na mtu, sidaiwi hata mia. Mama jirani aliwahi kuniletea ming'oko ya kuchemsha, nikaosha bakuli nikamrudishia na buku mbili ndani ya shukrani, akacheka akapokea ila tangu hapo ni salamu tu. Misibani natuma hela kwa simu, tena ya maana, kwenda siwezi kazi zinabana. Juzi nimelala na malaria siku tatu hakuna aliyebisha hodi. Watu wana roho mbaya au mi ndo nimekosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole ya homa. Roho mbaya hamna, we ndo umefunga daftari.

Yule mama hakukuuzia ming'oko. Ile mizizi inachimbwa porini kwa jasho, akakuletea ili bakuli likae kwako siku mbili tatu lirudi na chochote, hata embe, naye apate sababu ya kuja tena, ndo watu wanavyozoeana. Ukimlipa hapohapo maana yake tumemalizana.

Na sio huku tu. Mpolandi mmoja, Bronisław Malinowski, aliandika mwaka 1922 habari za visiwa vya Trobriand, kule Papua Guinea Mpya, watu wanavuka bahari na mitumbwi kupelekeana mikufu myekundu ya kombe na bangili nyeupe, mikufu inazunguka upande huu bangili upande ule, hakuna anayezing'ang'ania na hurudishi hapohapo, unakaa kwanza na deni. Wenyewe wanauita mzunguko huo kula, na bangili zinaitwa mwali (nilicheka peke yangu, mwali huku si tunajua ni wa unyago!). Kombe zenyewe hazina kazi kubwa, ila mwenzio wa mzunguko huo ukifika kisiwani kwake ndo mwenyeji wako.

Hela ya msiba endelea kutuma, ila watu wanakumbuka nani alikaa mkekani na nani alibeba dumu, na Newala mlivyo juu kule na shida ya maji dumu moja sio mchezo. Hata nusu saa jioni ukitoka kazini, nenda.

Kwa yule mama anza leo. Kamwombe chumvi. Najua unayo.