Je, manjano na pakanga vingeokoa mapafu yake?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu mkubwa alijikata kwa panga shambani, kidonda kikatunga usaha, na baada ya siku chache akawa na homa, akachanganyikiwa na kuhema kwa shida. Hospitalini tuliambiwa ni sepsisi iliyofika kwenye mapafu. Sasa yuko nyumbani, ila majirani wanasisitiza kwamba tungemwahi kwa manjano na pakanga asingelazwa. Je, ni kweli?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Katika sepsisi, kinga ya mwili inayopambana na vijidudu hupotoka na kuanza kuumiza viungo vya mgonjwa mwenyewe; kuta za vishipa vidogo vya mapafu hulegea, majimaji huvujia ndani ya vifuko vya hewa, na oksijeni hushindwa kupenya kwenye damu.

Majirani hawakuzua jambo. Kurkumini, kiambato cha manjano, na atesunati, dawa ya malaria itokanayo na pakanga ya China, zimepunguza uvimbe wa mapafu ya panya wa maabara. Lakini panya hao mara nyingi hupewa dawa kabla ya kuugua au punde tu baadaye, ilhali mgonjwa wetu huletwa akiwa amezidiwa tayari. Tena kurkumini inayonywewa huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na pakanga ya milima yetu ni ndugu tu wa ile ya China.

Kinachonitia moyo zaidi ni Xuebijing, dawa ya Kichina ya mimea mitano inayotiwa mshipani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 1,800 wa sepsisi, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 18.8 miongoni mwa walioipata, na asilimia 26.1 miongoni mwa wasioipata. Wote, hata hivyo, waliendelea na matibabu ya kawaida ya hospitali, na utafiti ulifanyika China pekee. Natamani sana urudiwe kwingineko, hata kwetu.

Mama mkubwa na aendelee kula manjano kwenye mboga. Lakini mwenye kidonda au homa akianza kuchanganyikiwa na kuhema haraka, mpelekeni hospitali saa ileile, wala msimnyweshe chochote njiani, kwa maana anaweza kupaliwa na kinywaji kikaingia katika mapafu hayohayo mnayotaka kuyaokoa.