Uliza Fundi: Prado imelala kwenye tope, hadtopu ikapita

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Prado 150 ya petroli, mwezi wa nne nilienda Ndutu, kule Ngorongoro, na familia, mvua ikatukuta njiani. Tulivoingia kwenye ule udongo mweusi gari ikaanza kuishiwa nguvu, nakanyaga mafuta mpaka chini injini imelala tu, kale ka-taa kenye picha ya gari inayoteleza kanawaka kanazima. Mara ikaja hadtopu, ile Land Cruiser ya kizamani, haina kompyuta wala nini, ikapita ikatuacha hapo, mama watoto ananiangalia tu. Jamaa mmoja kanishauri nichomoe fyuzi ya ABS, ile inayozuia tairi zisijifunge ukishika breki, ni sawa? Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Pole sana kaka. Kompyuta ya gari haijafa, tena siku hiyo ilichapa kazi kuliko wewe. Iko hivi, ile VSC (ya kuzuia gari isiserereke) na TRC (ya kuzuia tairi isizunguke bure) zimetengenezwa kwa ajili ya barabara, zikiona tairi inazunguka bure zinabana breki na kupunguza moto wa injini ili usizunguke ukaingia mtaroni. Sasa kwenye tope unataka kinyume chake, unataka tairi izunguke ijisafishe matope na gari ibaki na mwendo. Umenyimwa moto, mwendo ukaisha, hapo umeshanasa.

Kwahiyo KABLA hujaingia kwenye tope, sio ukishazama, simama, bonyeza kile kitufe cha VSC OFF ukishikilie zaidi ya sekunde 3 mpaka taa iwake. Prado yako ni four muda wote, tairi zote nne zinavuta, ila difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, haijafungwa, iloki. Pakiwa pabaya zaidi nenda L4, ile four ya gia nzito.

Fyuzi usiguse! Ukichomoa umeua kila kitu, hata ile hesabu ya kugawa breki mbele na nyuma, afu unarudi na familia unashuka ule mteremko wa Mto wa Mbu, tairi za nyuma zinaweza kujifunga ukashangaa.

Kuna kitu kingine, A-TRC. Hiyo ni rafiki yako kwenye makorongo, pale tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zinaning'inia. Inabana breki ile inayozunguka bure, nguvu inaenda kwenye iliyokanyaga chini. Utasikia krr krr krr chini ya miguu, wengi wanashtuka wanaachia mafuta, hapo ndo wanaiharibia maana inahitaji tairi izunguke kidogo ndo ishtuke. Shikilia mguu palepale, usiongeze usipunguze, hesabu moja mbili tatu, gari inatoka yenyewe.

Ila tairi zako ni zipi? Maana kama ni za lami, ule udongo unajaza mifereji yote inabaki laini kama ndala iliyokwisha, na hizi mashine zinagawa tu mshiko uliopo, kama haupo hakuna cha kugawa. Mimi mwenyewe nimeshachimba na sepetu masaa mawili na gari ya vitufe kibao. Hadtopu iliyokupita nina uhakika ilikuwa na tairi za meno makubwa na dereva anayeijua ile njia.

SWALI: Mimi ni dada niko Morogoro, nikishuka kutoka Morningside, kule juu milima ya Uluguru, naweza kuwasha DAC, ile ya kushikilia gari kwenye mteremko, nikaiachia gari ishuke yenyewe mpaka chini?

JIBU: Dada unaweza, lakini anza na L4 gia ya 1, injini ndo ibebe uzito, DAC iwe msaidizi. DAC inatumia breki zilezile, mteremko ukiwa mrefu zinachemka, na ile pampu yake ya breki ikizidi joto DAC inapiga kelele na kujizima, hapo mguu uwe tayari. Usiweke nyutro hata kidogo. Na zile kelele za kukwaruza ni pampu ya breki, sio gari inakufa, ila ukifika chini ukasikia harufu ya kuungua paki nusu saa, usimwagie maji.