Je, mtandao wa neva unaweza kukadiria moshi wa jenereta?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa jenereta za dizeli katika hoteli moja ya Nungwi, ambazo huziwasha umeme wa waya wa baharini unapokatika. Nimeazimwa kipimo cha gesi kwa wiki moja. Nikifundisha mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, kwa vipimo hivyo, je, utaweza kunikadiria oksidi za naitrojeni, kaboni monoksidi na salfa kwa mwaka mzima?

JIBU: Waalaykumu salaam, fundi. Oksidi za naitrojeni zinakadirika, ila si kwa vipimo vya wiki moja. Gesi hizo hutokea zaidi pale joto la mwako linapozidi kiasi cha nyuzi 1,500 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani zikaungana. Kwa hiyo mtandao ukipewa mzigo wa jenereta, kiasi cha dizeli kinachotumika, joto la moshi, pamoja na joto na unyevu wa hewa inayoingia, utakuwa na la kujifunza. Unyevu usiudharau, kwani mvuke hupoza mwako na kupunguza gesi hizo, na hewa ya masika, ambayo nguo hushinda uani bila ya kukauka, si hewa ya kipupwe. Mtandao uliofundishwa kwa vipimo vya kipupwe pekee, ukiulizwa habari za masika, hausemi kuwa haujui. Hutoa tarakimu vilevile, nawe huna njia ya kuishuku. Afadhali ukiazime kipimo hicho siku mbilimbili katika kila msimu, na upime kuanzia robo ya mzigo hadi mzigo kamili.

Wakati wa kuujaribu, usichanganye vipimo kama karata ndipo utenge vya kufundishia na vya kujaribia. Dakika moja hufanana mno na inayoifuata, na mtandao utaonekana hodari kwa kukumbuka tu. Waliotoa data za moshi wa mtambo wa umeme wa gesi wa Uturuki za mwaka 2011 hadi 2015 walishauri miaka mitatu ya mwanzo itumike kufundishia na miwili ya mwisho kujaribia. Nawe fuata mpangilio huo.

Kaboni monoksidi ni ngumu zaidi, kwa sababu hupanda mzigo ukiwa mdogo na nozeli zinazonyunyiza dizeli zikichakaa, na uchakavu huo mtandao hauuoni, hivyo kila baada ya matengenezo makubwa itabidi upime upya.

Salfa haihitaji mtandao kabisa. Takriban yote iliyomo katika dizeli hutoka na moshi, na kila kilo moja ya salfa huwa kama kilo mbili za dioksidi ya salfa. Mwombe muuzaji wa mafuta cheti cha maabara, kisha upige hesabu kwa kalamu.