Alama 100 za Lighthouse hazitoshi

Ukiniuliza kama kupata 100 kwenye Lighthouse, zana ya Google ya kupima ubora wa tovuti, kunathibitisha kwamba wasioona wanaweza kuitumia tovuti yako, jibu ni hapana ndugu. Kwa hilo Lighthouse inategemea axe-core, programu ya kukagua kama tovuti inafikika kwa wenye ulemavu, ila huendesha sehemu tu ya vipimo vyake. Weka kiendelezi cha axe DevTools kwenye kivinjari, utaona makosa mengine yakiibuka. Mimi huanza na WAVE, zana nyingine ya ukaguzi, kwa sababu hubandika alama juu ya ukurasa wenyewe: unaona papo hapo picha ipi haina maelezo (yale ambayo programu humsomea asiyeona) na maandishi yapi yamefifia. (Uwiano wa rangi kati ya maandishi na usuli wake uwe angalau 4.5:1, au 3:1 kwa maandishi makubwa.)

Lakini zana hazina akili ya kuelewa maana. Niliwahi kukagua ukurasa ambao picha ya kikapu cha ununuzi ilipewa maelezo "nyumbani". Zana zote zilipitisha, maana maelezo yapo! Asiyeona angebonyeza akidhani anarudi mwanzo.

Kwa hiyo sukuma kipanya pembeni, ubonyeze Tab toka juu hadi chini. Ukipoteza mahali ulipo, huenda kuna mtu ameandika outline: none (amri inayoondoa fremu inayoonyesha ulipo) kwenye CSS, msimbo wa mwonekano wa tovuti; hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Angalia pia kama dirisha dogo likifunguka unaweza kulifunga kwa Esc. Ukiwa na Windows, pakua NVDA, programu inayowasomea wasioona kilichopo kwenye skrini, ni ya bure, uisikilize ikisoma fomu yako ya kujisajili. Dakika tano tu utajua pa kuanzia.