Samaki kuhema juu ya maji alfajiri

Ndugu wa Mukono (Uganda), unauliza kama ngege (tilapia) wako 60 wanaohema juu ya maji ya bwawa wana njaa, na kama upanue bwawa. Hawana njaa, wamekosa hewa. Maji yakishakuwa kijani kibichi, mwani (vijimea vidogo vinavyoyatia rangi hiyo) huvuta oksijeni usiku kucha, ndiyo maana wanapanda juu alfajiri wakihema. Leo usiwalishe kabisa. Toa theluthi ya maji, yale ya chini, ujaze ya kisima yakianguka kutoka juu (ya bomba yana klorini). Kisha zamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni, kijani kimezidi, acha kutia samadi bwawani. Na kupanua bwawa? Tafadhali usibomoe ukingo, chimba bwawa la pili. Bwawa la mita 3 kwa 4 bila mashine ya hewa linatosha samaki 25 hadi 30, madume watupu. Wakichanganyika na majike watazaana mpaka wadumae wote.